Kioo au akriliki? Ulinganisho kwa anayejitengenezea tangi la samaki nyumbani

Ukimuuliza fundi wa vioo tangi la samaki litengenezwe kwa nini, atakwambia kioo. Ukimuuliza fundi wa mabango, ambaye kila siku anakata herufi za akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, atakwambia akriliki, na ataongeza kwamba haivunjiki kirahisi. Wote wawili wanasema kweli kuhusu shiti wanazouza. Lakini shiti haivuji. Maji hupita pale vipande viwili vinapokutana, na tangi likifa hufia hapo. Ndiyo maana mimi naanza kulinganisha kwenye kiungio: ni kiungio kipi unaweza kukitengeneza vizuri kwa zana na mafundi ulio nao, na kikileta matatizo baada ya miaka mitatu, unaweza kukirekebisha?

Ili hesabu zisielee hewani, nachukua tangi moja la mfano: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 45. Kwa ndani linabeba takriban lita 250. Linawatosha mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, na linaingia kwenye sebule ya kawaida bila kuziba njia. Kwa kioo nahesabu unene wa milimita 10 pamoja na vipande vya kuimarisha juu. Kwa akriliki nahesabu milimita 12 pamoja na bamba la juu lililogundishwa pande zote na kutobolewa madirisha mawili ya kulishia.

| | Kioo cha kawaida, mm 10 | Akriliki, mm 12 |
|---|---|---|
| Uzito likiwa tupu | kama kilo 53, bila vipande vya juu | kama kilo 34, pamoja na bamba la juu |
| Ukakamavu wa ukuta | zaidi ya mara 13 ya akriliki hii | hupinda waziwazi |
| Mwanga unaopita | kama asilimia 87, wenye ukijani | kama asilimia 92 |
| Kiungio | silikoni | kiyeyushi kinachoyeyusha kingo zikawa kitu kimoja |
| Mkwaruzo | hauji kirahisi, hauondoki kirahisi | unakuja kirahisi, unasuguliwa ukaisha |

Nguvu ya maji

Msukumo wa maji ukutani unategemea kimo cha maji, wala si wingi wa lita. Kwenye tangi letu la mfano ukuta wa mbele unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 120 hivi, usiku na mchana, miaka yote. Ukiongeza kimo kutoka sentimita 45 hadi 60 bila kubadilisha kingine chochote, msukumo huo unafika karibu kilo 216. Urefu umebaki uleule, lakini nguvu imekaribia kuongezeka maradufu. Anayetaka tangi kubwa kwa gharama nafuu na alirefushe au alipanue. Kimo ndicho kinachokula unene wa shiti, na unene ndio unaokula pesa.

Hapa kioo kina faida kubwa ambayo wauzaji wa akriliki hawaizungumzii. Kioo ni kikakamavu zaidi ya mara 20 kuliko akriliki ya unene uleule. Ukitaka ukuta wa akriliki usipinde kama kioo cha milimita 10, itakubidi ununue shiti ya milimita 28 au 29. Hakuna anayefanya hivyo kwa tangi la nyumbani. Badala yake ukuta unaachwa upinde kidogo, na bamba la juu ndilo linaloushika. Kwa hiyo bamba hilo ni sehemu ya muundo wenyewe, wala usilichukulie kama mfuniko. Anayekata madirisha makubwa mno juu ili mkono upite vizuri anaondoa kile kinachozuia ukuta wa mbele kutoka nje.

Na madirisha hayo yakatwe yenye pembe za mviringo. Pembe kali ya ndani hukusanya mkazo mahali pamoja, na ufa wa akriliki hupenda kuanzia hapo. Ruta, ile mashine ya mkononi ya kuchongea mbao, yenye kigezo cha mbao, na pembe yenye nusu kipenyo cha sentimita 3 au zaidi, inatosha kabisa.

Akriliki pia inaendelea kupinda polepole kwa miaka, hata mzigo ukiwa uleule, na hunyonya maji kidogo upande wa ndani. Tangi la akriliki lililotengenezwa vizuri litakuwa na tumbo dogo mbele. Milimita chache si hatari. Tumbo linaloongezeka mwezi hadi mwezi ndilo la kutazamwa.

Uzito: hoja inayotiwa chumvi

Ni kweli akriliki ni nyepesi. Uzito wake ni chini ya nusu ya kioo kwa unene uleule. Lakini kwenye matumizi unene hauwi uleule, kwa sababu akriliki inahitaji kuwa nene zaidi na inahitaji bamba la juu. Tofauti kwenye tangi letu inabaki kama kilo 20. Ukishajaza maji ya kilo 250, ukaongeza mawe na mchanga, kilo 20 hazibadilishi chochote kwa sakafu wala kwa meza.

Zinabadilisha kitu kimoja tu: kubeba. Anayekaa ghorofa ya nne bila lifti, au anayehamahama nyumba za kupanga, ataishukuru akriliki kila atakapohama. Tangi la kioo la ukubwa huu linataka watu wawili wenye nguvu na mtu wa tatu wa kufungua milango, na likigongwa kwenye ukingo wa ngazi safari imeishia hapo. Akriliki hustahimili kugongwa mara nyingi zaidi ya kioo. Nyumba yenye watoto wanaocheza mpira ndani ina sababu halali ya kuifikiria.

Kiungio cha kioo

Silikoni hushikana na kioo kwa uhakika mkubwa. Pia inasamehe: kingo za kioo zikiwa hazijanyooka kwa nusu milimita, silikoni inaziba pengo na bado inashika. Kwa fundi wa mara ya kwanza hiyo ni zawadi.

Mambo ya kuangalia ni machache lakini hayana mjadala. Silikoni iwe safi ya asilimia 100, ile yenye harufu ya siki inapokauka. Ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu au kuvu usiiguse, maana dawa iliyowekwa humo ni sumu kwa samaki. Soma tarehe kwenye tyubu kabla hujalipa. Silikoni iliyokaa miezi kwenye duka lenye joto na kupita muda wake inaweza isikauke kabisa, ikabaki kama ubani uliotafunwa. Paka kipande kidogo kwenye karatasi, kiache hadi kesho. Kisipokauka, rudisha tyubu.

Kingo zipanguswe kwa asetoni au spiriti kabla ya kupaka, na vidole visiziguse tena. Vipande vinasimamishwa kwa utepe wa karatasi, mshono wa ndani unalainishwa kwa kidole mara moja tu kabla haujaanza kuwa na ngozi, kisha tangi linaachwa. Silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani kwa milimita 2 au 3 kwa siku. Wiki nzima kabla ya maji si woga.

Kikivuja? Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Kupaka utepe mpya juu ya ule wa zamani, kama wengi wanavyofanya, ni kupoteza silikoni. Kata yote kwa wembe, safisha hadi kioo kitupu, paka upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafanyika nyumbani, na tangi linakuwa kama jipya. Hilo nalihesabu kama faida kubwa kuliko nyingine zote za kioo.

Kuhusu aina ya kioo: chukua kioo cha kawaida. Wauzaji wa vioo vya madirisha hupenda kukupendekezea kioo cha tempa, yaani kilichopikwa kwa joto kali ili kiimarike, kwa kuwa kina nguvu zaidi. Nguvu kinayo, lakini hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kupikwa, na kikishindwa kinapukutika chote kwa mara moja. Kioo cha kawaida mara nyingi hutoa ufa kwanza, nawe unapata muda wa kutafuta ndoo. Kioo cha tabaka mbili zilizogundishwa nacho si cha kazi hii, kwa sababu silikoni hushika tabaka moja tu, na nyingine inaning'inia kwenye utando wa plastiki ulio katikati.

Kiungio cha akriliki

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Silikoni haishiki akriliki kwa kiwango cha kubeba maji. Inaonekana imeshika, ukivuta ukucha inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Gundi ya haraka ya matone na gundi za kuchanganya za seremala nazo weka kando. Akriliki inaunganishwa kwa kiyeyushi chepesi kama maji, ambacho kinalainisha kingo zote mbili zikaungana, kisha chenyewe kinapotea hewani. Kiungio kikikaa sawa kinakuwa angavu, huoni mstari, na kina nguvu inayokaribia ya shiti yenyewe. Hakuna kiungio cha silikoni kinachopendeza kiasi hicho.

Lakini kiyeyushi hakizibi pengo. Kingo lazima zikutane urefu wote bila mwanga kupita, na hapo ukataji unaamua kila kitu. Weka kipande juu ya kingine, shusha jicho usawa wa meza, washa tochi nyuma. Ukiona uzi wa mwanga, usigundishe. Rudi kwenye ruta. Msumeno wa meza wenye meno mengi ya kabidi unakata vizuri, kisha ruta yenye kisu kilichonyooka inapitishwa kuondoa alama za msumeno. Kukwaruza kwa kisu na kuvunja, kama afanyavyo fundi wa vioo, si kwa shiti nene za akriliki.

Kuna mtego mmoja wa mijini. Mafundi wengi wa mabango siku hizi wanakata kwa mashine ya leza, na ukingo unaotoka unang'aa kama kioo. Unavutia, na ndio mbaya kuliko wote kugundisha. Joto la leza linaacha mkazo ndani ya ukingo, na kiyeyushi kikigusa, unatokea utando wa nyufa ndogondogo, wakati mwingine palepale, wakati mwingine baada ya wiki. Ni vilevile kwa kingo zilizopitishwa moto ili zing'ae. Ukingo wa kugundisha uwe wa rangi ya maziwa kidogo, laini, uliotoka kwenye ruta. Kama leza ndiyo pekee iliyopo, mwambie fundi aache milimita 3 za ziada kila upande ili ziondolewe kwa ruta baadaye.

Kugundisha kwenyewe kunaenda hivi. Shiti ya chini inalazwa, ukuta unasimamishwa juu yake kwa pembe mraba, na chini ya ukuta unapachika vipande vya waya mwembamba sana au sindano nyembamba, kimoja kila baada ya sentimita 5 au 10. Vinaacha nafasi isiyofika nusu milimita. Kiyeyushi kinaingizwa kwa bomba la sindano lenye ncha ndefu, nacho kinajikimbilia chenyewe chini ya ukingo; unakiona kikitembea kama doa la maji kwenye karatasi. Unasubiri nusu dakika hadi dakika moja akriliki ilainike, kisha unachomoa waya mmoja mmoja, na uzito wa ukuta wenyewe unakandamiza kiungio. Usikaze kwa vibano. Kukaza kunafukuza majimaji yaliyolainika, na kiungio kinabaki kikavu chenye mapovu. Kila kiungio kigundishwe kikiwa kimelala sawasawa, kisha tangi liachwe bila kuguswa angalau siku moja kabla ya kuligeuza upande mwingine.

Pwani kuna shida ya ziada. Kiyeyushi kinapopaa hupoza uso wa akriliki, na unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unaganda juu yake ukaacha ukungu mweupe kwenye kiungio. Msimu wa mvua za masika si wakati wa kugundisha akriliki. Subiri siku kavu, au fanya kazi ndani ya chumba chenye kiyoyozi huku hewa chafu ikitolewa nje.

Nasema hewa chafu kwa makusudi. Kiyeyushi kinachouzwa kwa kazi hii mara nyingi ni dikloromethane, na mafundi wengi wa mabango hutumia klorofomu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dikloromethane mwaka 2014 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku matumizi yake yote kwa watumiaji wa kawaida. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake hata kidogo, na glavu za kawaida za mpira zinapitisha kwa muda mfupi. Fanya nje penye upepo, usiinamie kiungio, watoto na wajawazito wasiwe karibu. Usipopata mahali penye hewa ya kutosha, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuchagua kioo.

Kwa anayeshindwa kupata kingo zilizonyooka kabisa, ipo gundi ya akriliki ya kuchanganya sehemu mbili, kama Weld-On 40, ambayo ni nzito na inaziba mapengo madogo. Ni ghali na inahitaji kupimwa kwa uangalifu, lakini mafundi wazoefu huitumia kwa matangi makubwa.

Na kiungio cha akriliki kikivuja, hakifunguki. Vipande vimekuwa kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha bila msumeno. Unachoweza ni kugundisha kipande cha pembetatu kwa ndani kuimarisha kona, au kujaribu kuingiza kiyeyushi kwenye pengo. Mara nyingine inakubali. Hata hivyo mimi nisingemshauri mtu aweke lita 250 sebuleni kwa kutegemea kiraka hicho.

Usichanganye vifaa viwili, mfano kioo mbele na akriliki pembeni. Kipande cha akriliki cha sentimita 120 kinarefuka karibu milimita 0.8 joto likipanda nyuzi 10. Kioo kinarefuka kama milimita 0.1. Ukichanganya hilo na silikoni isiyoshika akriliki, kiungio kinaachia.

Kununua shiti

Fundi wa vioo anakukatia vipande ulivyopima, unalipa ulichochukua. Akriliki nene mara nyingi unauziwa shiti nzima ya futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Kwa hiyo tangi la akriliki lipangwe kwanza kwenye karatasi, ndani ya shiti hiyo.

Tangi letu la mfano nililichagua kwa sababu hiyo. Chini na juu ni vipande viwili vya 120 kwa 50. Mbele na nyuma viwili vya 120 kwa 45. Pembeni viwili vya 47.6 kwa 45, vinavyoingia katikati ya kuta za mbele na nyuma. Vinne vya kwanza vinakula sentimita 190 za urefu wa shiti, na viwili vya mwisho vinakaa bega kwa bega kwenye sentimita 45 zinazofuata. Jumla ni 235, na zinazobaki zinatosha njia ya msumeno na kusafisha kingo. Shiti moja, tangi moja. Ukitaka kimo cha 50, jumla inakuwa 250, na unalazimika kununua shiti ya pili kwa ajili ya vipande viwili vya pembeni.

Omba akriliki aina ya kasti, ile iliyomiminwa ikiwa majimaji kwenye kalibu. Aina nyingine, iliyosukumwa kwa mashine, ni nafuu na unene wake ni sawasawa kuliko kasti, lakini inayeyuka na kung'ang'ania kwenye msumeno na inapata nyufa ndogondogo haraka inapoguswa na kiyeyushi. Kwa bango haina neno. Kwa tangi kasti ndiyo ya kununua, ingawa unene wake hutofautiana kidogo. Pima kona zote nne kabla ya kukata.

Angalia pia usiuziwe polikaboneti ukidhani ni akriliki. Zinafanana machoni, lakini polikaboneti inapinda zaidi, inakwaruzika haraka zaidi, na haiungani kwa uangavu uleule. Omba kipande cha mabaki, kichome nje ya duka. Akriliki inawaka vizuri kwa moshi mdogo na harufu kama ya matunda. Polikaboneti inatoa masizi meusi na huelekea kuzimika ukiondoa moto.

Bei sitaitaja kwa kuwa inabadilika na dola na bandari. Kwa unene uleule akriliki ni ghali kuliko kioo, mara nyingi kwa mbali, na hapo hujanunua bado kisu cha ruta, kiyeyushi na shiti ya mazoezi.

Kuishi nalo

Akriliki inakwaruzwa na mchanga. Mbuna na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika huchimba, hubeba mchanga mdomoni na kuutema popote. Punje moja ikinaswa kwenye sumaku ya kusafishia, inachora mstari mrefu kwa mvuto mmoja. Kwa matangi ya maji ya bahari, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba (sea urchin) ambaye watu wa pwani wanamjua anakwangua mwani kwa meno magumu na anaacha alama kwenye akriliki popote anapopita. Mikwaruzo inasuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia wenye punje kubwa kiasi hadi laini kabisa, kisha dawa ya kung'arisha. Ile ya nje ni kazi ya jioni moja. Ile ya ndani ni kumwaga maji yote.

Maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya Dar es Salaam, yanaacha mstari mweupe wa madini juu ya usawa wa maji. Kwenye kioo unapitisha wembe na siki, umemaliza. Kwenye akriliki wembe ni marufuku. Tumia siki iliyoongezwa maji na kadi ya zamani ya benki kama kikwangulio, taratibu. Spiriti, thina, na dawa za kusafishia vioo zenye amonia zisiiguse akriliki kabisa, zinaleta nyufa.

Kuhusu joto, matangazo yanasema akriliki hupitisha joto mara 5 chini ya kioo. Kama kifaa, ni kweli. Lakini ukihesabu pamoja na hewa iliyotulia nje ya ukuta, ambayo yenyewe inazuia joto kuliko vyote viwili, tofauti ya joto linalopotea kupitia kuta inabaki kama robo tu, na sehemu kubwa ya joto hupotea juu, maji yanapovukizwa. Mtu wa Nairobi, Njombe au Mbeya, ambako usiku wa Julai ni baridi na umeme wa hita unalipiwa, ataona nafuu kiasi. Ataona nafuu kubwa zaidi akiweka mfuniko mzuri. Mtu wa pwani hahitaji kuhifadhi joto. Shida yake ni kulitoa.

Kugeuka njano ni hofu isiyo na msingi kwa akriliki nzuri. Inastahimili jua miaka mingi. Mara nyingi kilichogeuka njano ni plastiki nyingine.

"Mbona matangi makubwa ya maonyesho yote ni ya akriliki?"

Ni swali zuri. Dirisha la tangi la Dubai Mall, ambalo ndugu zetu wengi wa Ghuba wamepiga picha mbele yake, ni akriliki ya unene wa sentimita 75. La Okinawa Churaumi huko Japani, lililofunguliwa mwaka 2002, lina urefu wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60. Huwezi kupata kioo cha hivyo. Akriliki inagundishwa shiti juu ya shiti hadi unene wowote, na inabaki angavu, bila ule ukijani wa kioo kinene. Zaidi ya hayo inapindwa kwa joto na kutengeneza mviringo. Hizo ndizo sababu zao. Tangi la sentimita 45 halina hata moja, isipokuwa unataka ukuta wa mbele uliopinda.

Na hata huko, kiungio na historia ya tangi ndivyo vinavyoamua. Tarehe 16 Desemba 2022 AquaDom ya Berlin, silinda ya akriliki yenye takriban lita milioni 1 ndani ya hoteli, ilipasuka alfajiri na karibu samaki wake wote 1,500 wakafa. Ilikuwa imemwagwa maji na kukarabatiwa miaka michache kabla. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha sababu moja. Viungio vilivyogundishwa vilikuwa kati ya walivyovitazama, pamoja na uwezekano kwamba akriliki ilikauka wakati tangi lilipokaa tupu. Kwa mwenye tangi la akriliki nyumbani kuna la kufanya hapo: usiliache likauke kwa miezi kisha ulijaze kwa siku moja.

Kwa hiyo uchague lipi?

Kwa tangi la pembe nne lenye kimo kisichozidi sentimita 50, fundi wa mara ya kwanza, pwani au bara, mimi nasema kioo, bila kusitasita. Kiungio kinasamehe, kinarekebishika, na kila mji una fundi wa kukata.

Chagua akriliki kama una mojawapo ya haya: umbo lenye mviringo; matundu mengi ya kupitisha mabomba, kwa sababu akriliki inatoboka kwa msumeno wa kutobolea wa kawaida wakati kioo kinataka wa almasi na maji; ghorofa isiyo na lifti; au watoto na mpira. Na uwe umempata fundi mwenye ruta anayeijua, na mahali penye hewa. Kabla ya tangi lenyewe tengeneza sanduku dogo la sentimita 20 kwa mabaki, ulijaze, ulivunje kwa nyundo. Likipasukia kwenye shiti na si kwenye kiungio, mkono wako uko tayari.

Plaiwudi iliyopakwa epoksi yenye dirisha la kioo mbele ni chaguo la tatu, lenye maana kuanzia lita elfu moja hivi. Chini ya hapo ni kazi nyingi kwa faida ndogo.

Meza nayo inatofautiana. Akriliki inataka kushikwa chini yote, kwenye ubao ulionyooka usio na kokoto hata moja. Kioo kinataka ubao ulionyooka na juu yake shiti nyembamba ya povu ya kumeza kasoro ndogo. Meza ya vyuma vya pembeni peke yake, bila ubao, isitumike kwa akriliki.

Jaribio la maji lifanyike nje au kwenye sakafu ya saruji. Jaza theluthi, subiri siku moja. Jaza theluthi ya pili, subiri. Kisha jaza kabisa na uache wiki. Kabla hujajaza, vuta uzi mbele ya ukuta kutoka kona hadi kona katikati ya kimo, upime kwa rula. Upime tena likiwa limejaa, na tena siku ya saba. Zungushia karatasi ya choo kavu chini ya kila kiungio. Ikilowa hata alama moja, mwaga maji na urudi kwenye kiungio hicho kabla samaki hawajanunuliwa.